Risasi ya kwanza ilitoka kwa nani? Kisa cha mchezo wa shule kuhusu mauaji ya 1941 mjini Lubumbashi

Usuli

Shule inayozungumziwa hapa ni ya sekondari, iko Lubumbashi, katika mtaa uliokuwa zamani kambi ya wafanyakazi wa mgodi. Jina la shule, la mtaa, mwaka wa tukio na majina ya wahusika nimeyaondoa, na mambo machache ya kifamilia nimeyabadili ili mtu asitambulike. Mimi nilikuwa mwalimu wa historia. Ndimi niliyeandika mchezo na kuuongoza, kwa hiyo makosa mengi yanayosimuliwa hapa ni yangu.

Mchezo ulihusu mgomo wa Desemba 1941. Wakati huo Ubelgiji ilikuwa imetekwa na Wajerumani tangu mwaka uliotangulia, na shaba ya Katanga, jimbo letu katika Kongo iliyotawaliwa na Ubelgiji, ilikuwa inakwenda vitani upande wa Uingereza na wenzake. Kazi migodini iliongezwa, bei za vitu zikapanda, mshahara wa Mwafrika ukabaki palepale. Tarehe 3 Desemba wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya Kibelgiji ya migodi ya shaba, walianza kugoma, wakidai mshahara upande kutoka franka 1.50 hadi franka 2. Kufikia tarehe 9 mgomo ulikuwa umeenea katika vituo vyote vya kampuni. Kule Jadotville, Likasi ya leo, askari walikuwa wamekwisha kuua. Hapa mjini, ambapo wakati ule paliitwa Élisabethville, wagomaji waliitwa uwanja wa mpira kuzungumza na Amour Maron, gavana wa jimbo. Msemaji wao alikuwa Léonard Mpoyi. Waliahidiwa nyongeza, wakaikataa. Mpoyi akauawa, kisha askari wakaupiga umati risasi. Hesabu ya waliokufa inayotajwa mara nyingi ni kati ya 60 na 70, na ile ya serikali ya kikoloni ilikuwa chini ya hapo. Tarehe 10 watu walirudi kazini.

Wanafunzi wetu wote wanajua kwamba Lumumba aliuawa karibu na mji wao tarehe 17 Januari 1961. Tarehe 9 Desemba 1941 hawakuijua kabisa, ingawa wengi wao ni vitukuu vya wafanyakazi wa kampuni hiyohiyo. Moshi wa mumbunda, lile dohani kubwa la kiwanda cha shaba, umewalea mababu na wazazi wao. Hilo liliniuma, na ndilo lililonifanya niende kwa prefe, mkuu wa shule, kuomba ruhusa.

Andiko la kwanza

Niliandika mchezo kwa Kifaransa, kurasa 31. Nilidhani Kifaransa ndiyo lugha ya kitu kizito. Wanafunzi 22 wakakariri maneno yao kama katekisimu: sauti moja, mikono imening'inia, macho darini. Wiki ya tatu mvulana mmoja alisahau sentensi yake katikati ya mazoezi, akaimalizia kwa Kiswahili cha nyumbani. Alitakiwa kutamka hotuba ndefu kuhusu heshima ya mfanyakazi. Badala yake akasema: "Poso haitoshe. Batoto banalala njaa." Chumba kizima kiligeuka kumtazama.

Poso ni kile chakula ambacho kampuni iliwagawia wafanyakazi. Neno hilo halikuwa katika andiko langu hata mara moja. Nilikuwa nimeandika mchezo kuhusu watu wa kambi bila kutumia maneno ya kambi.

Siku ile tuliamua kuanza upya. Wafanyakazi, wake zao na makapita, yaani wasimamizi wa kazi, wangesema Kiswahili cha Lubumbashi, na gavana angesema Kifaransa. Kati yao tukamweka mkalimani, mwanafunzi wa kike aliyevaa kama karani, ambaye alilainisha maneno ya pande zote mbili mpaka yakashindwa kulainika. Mkalimani huyo tulimtunga sisi. Katika nilichosoma kuhusu uwanja ule hayumo, na jambo hilo lilianza kunisumbua mapema kuliko nilivyotarajia.

Nkambo anakuja shuleni

Katika andiko langu gavana anatoa bastola na kumpiga Mpoyi mwenyewe. Ndivyo wengi wanavyosimulia, na ndivyo nilivyoandika bila kusita, kwa sababu tukio hilo ni zito jukwaani: mtu mmoja, bastola moja, maiti moja, kisha umati.

Nilikuwa nimewapa wanafunzi kazi ya nyumbani: waulize wazee wao wamesikia nini kuhusu mgomo. Msichana mmoja alirudi na nkambo wake mwenyewe, yaani bibi yake, kikongwe aliyeshikwa mkono hadi mlangoni pa darasa. Mwaka 1941 alikuwa na miaka mitatu. Nilimpa kiti, nikamsomea kwa furaha ukurasa wa bastola. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, baba yangu alienda mu stade, hakurudia. Mama alituambia: tulisikia masasi tu. Nani alipiga ya kwanza, hakuna mwenye alituambia. Weye unajua namna gani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesoma, ndiyo, lakini sikuweza kumwambia mwanamke ambaye baba yake alikufa pale kwamba najua kuliko mama yake.

Siku mbili baadaye akaja mzee mwingine, babu wa mwanafunzi mwingine, mstaafu wa Gécamines, kampuni iliyoirithi Union Minière baada ya serikali kuitaifisha mwaka 1967. Alikuwa amesikia kwamba ukurasa wa bastola unaweza kuondolewa. Baba yake mdogo alikuwa uwanjani akatoka hai, na alisimulia mara nyingi kwamba ni gavana mwenyewe. "Mukitosha ile, munamusaidia muzungu," aliniambia, yaani tukiiondoa tutakuwa tunamfichia mkoloni. Alikuwa na haki ya kukasirika. Mauaji yale yamefichwa muda mrefu, na kila anayesema "hatuna hakika" anafanana kidogo na waliotaka yasahaulike.

Haya mawili ndiyo yaliyokuwa kiini cha kazi yetu yote. Prefe alinishauri nichague toleo moja, kwani mchezo si mahakama. Wanafunzi waligawanyika. Tulizungumza alasiri nzima, na wazo lililokubaliwa lilitoka kwa yule msichana mwenye nkambo, halikutoka kwangu: uwanja uonekane kutoka nyuma ya umati. Wafanyakazi wasimame wakiwapa watazamaji mgongo, gavana na Mpoyi wawe upande wa pili, wamefichwa na miili. Sauti isikike. Kila mtu agande. Kisha watu watatu watoke mmoja mmoja waseme. Wa kwanza: nilikuwa mbele, ni gavana mwenyewe. Wa pili: nilikuwa nyuma, nilisikia tu. Wa tatu ni mwanamke: sikuwapo, nilikuwa nyumbani na mtoto, nangoja.

Nilimpelekea mzee wa Gécamines wazo hilo nyumbani kwake. Hakulipenda. Ila aliuliza swali moja: yule wa mbele atasema wa kwanza? Nikamwambia ndiyo. Akasema basi atakuja kuangalia.

"Imeandikwa, inasimuliwa, tumeitunga"

Kutokana na kikao hicho tulimwongeza msimulizi mwenye kazi moja. Kabla ya tukio, anatamka neno moja kati ya matatu. "Imeandikwa" maana yake tumelikuta katika maandishi, kwa mfano tarehe, madai ya mshahara, jina la gavana. "Inasimuliwa" maana yake limetoka kwa wazee. "Tumeitunga" maana yake ni letu, kama mkalimani.

Mwanzoni alitamka mara tisa, na mchezo ukawa unasimama kila dakika kama basi la mjini. Tukapunguza hadi mara nne. Tulibakiza zile ambazo mtazamaji angeweza kudanganyika kama hangeambiwa: mgomo unaanza, mkalimani anaingia, risasi, na hesabu ya maiti.

Bunduki

Wavulana watano walichonga bunduki za mbao, nzuri sana, wakazipaka rangi nyeusi. Kwa mlio tuliweka mapipa mawili nyuma ya pazia. Kwenye zoezi la kwanza lenye mapipa, msichana mmoja wa kundi la wake za wafanyakazi alitoka nje kimya. Nilimkuta bombani, maji yanamiminika, hanawi. Alikuwa amekuja Lubumbashi na shangazi yake kutoka kaskazini mwa jimbo, ambako makundi yenye silaha yalifukuza watu vijijini. Jambo hilo lilikuwa katika faili lake shuleni. Sikulisoma.

Hakuja mazoezini wiki nzima. Nilikwenda kwa shangazi yake kuomba radhi, na kesho yake tukaziondoa bunduki zote na mapipa. Wachongaji walinung'unika, nami nikawaeleza sababu bila kumtaja mtu. Badala yake kila mfanyakazi alishika kikombe cha bati, kile cha kuchukulia poso, tangu tukio la kwanza. Wakati wa risasi, mmoja anakiachia. Kinagonga sementi. Kimya. Kisha vinaanguka vyote pamoja.

Wazo la vikombe lilitoka kwa yule yule msichana aliyetoka nje, aliporudi. Alisema sauti hiyo anaivumilia kwa sababu anajua inatoka wapi.

Jina la Mpoyi

Hapa sikufanya vizuri. Mjumbe mmoja wa kamati ya wazazi alinivuta pembeni akaniomba nimwite Mpoyi "Msemaji" tu, kwa sababu jina hilo ni la Kasai, jimbo jirani, na "litaleta maneno". Anayeijua Lubumbashi anaelewa alichogusa. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga kwa wingi, wakalala stesheni wakingoja treni, na wengi hawakufika. Familia zilizobaki na zilizorudi zinaishi jirani na familia zilizoshangilia.

Nilikataa. Kati ya wote waliokufa pale, jina la Mpoyi ni mojawapo ya machache ambayo mji mzima unayajua, na kulifuta kungekuwa kumuua mara ya pili. Uamuzi huo nausimamia hadi leo. Kosa ni kwamba niliufanya peke yangu, nikaunyamazia mbele ya wanafunzi, nikidhani kutolizungumza jambo ni kulizuia. Mvulana aliyeigiza Mpoyi, ambaye kwao ni Wasanga, watu wa Katanga hapahapa, alianza kuitwa majina ya matusi ya Kikasai kwenye korido. Alivumilia siku kumi na mbili. Niliambiwa na yaya yake, dada yake mkubwa, aliyenisimamisha getini na kuniuliza kama ninajua kinachoendelea katika shule yangu.

Ndipo nikafundisha somo ambalo lilitakiwa kuja kabla ya zoezi la kwanza. Union Minière iliwachukua wafanyakazi kutoka Kasai, Lomami, Ruanda-Urundi na Rhodesia ya Kaskazini, mbali na Katanga yenyewe, na Kiswahili kikawa lugha iliyowaunganisha kambini. Uwanja ule ulijaa watu wa kila upande. Tuliandika ubaoni asili za familia za wanafunzi 22, kwa aliyependa kusema, na ramani ikajaa. Matusi yalipungua. Hayakuisha.

Ijumaa

Onyesho la kwanza lilikuwa la wanafunzi, ukumbi wa shule, paa la mabati, mwezi Desemba. Kila mtu wa hapa anajua mvua ya Desemba juu ya mabati ilivyo. Robo ya mchezo haikusikika. Umeme ulikatika kama kawaida, lakini madirisha ni makubwa na tulikuwa tumejiandaa kwa mwanga wa mchana.

Mvua haikuwa tatizo kubwa. Gavana alipoingia, amepakwa unga usoni ili awe Mzungu, ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Watu wa Lubumbashi wamelelewa na Mufwankolo, kundi ambalo kwa miongo limechekesha mji redioni na kwenye televisheni kwa Kiswahili chetu, na macho yao yamezoea kwamba mwigizaji aliyepakwa kitu usoni ni wa kuchekesha. Unga ulituingiza katika mlango huo na hatukuweza kutoka tena. Kila neno la Kifaransa la gavana lilipokewa kwa kicheko, na mkalimani naye akachekwa. Vikombe vilipoanguka, nusu ya ukumbi ilikuwa bado inacheka. Nilimwona Mpoyi wetu amelala sakafuni, ameyafumba macho kwa nguvu.

Baada ya onyesho wanafunzi walilia kwa hasira, na wengine walitaka Jumamosi iahirishwe.

Jumamosi

Tulikaa hadi saa kumi na mbili jioni ile ya Ijumaa. Unga ukaondolewa. Gavana alibaki na uso wake, kofia ngumu nyeupe, na kiti: yeye peke yake katika mchezo mzima ndiye anayekaa. Tulimwondolea pia hotuba ya kwanza. Anaingia, anakaa, anawatazama watu kwa muda mrefu, na wao wanavua kofia mmoja mmoja. Kwa kitendo hicho cha kimya mtazamaji alijua huyu ni nani.

Tulihamisha onyesho kutoka saa nane mchana hadi saa tatu asubuhi, kwa kuwa mvua za mwezi huu mara nyingi hunyesha alasiri.

Wazazi walijaza madawati yote, wengine wakasimama madirishani. Nkambo alikaa mstari wa mbele, na mzee wa Gécamines mwisho kabisa, karibu na mlango. Gavana alipokaa hakuna aliyecheka. Msimulizi alipotamka "Inasimuliwa" kabla ya risasi, nilisikia mtu nyuma yangu akisema kwa sauti ya chini, "Njo vile," yaani ndivyo ilivyo. Kikombe cha kwanza kikaanguka. Sijawahi kusikia ukumbi wa shule ukinyamaza namna ile, wenye watoto wachanga ndani.

Wakati mashahidi watatu wanasema, wa kwanza alipotaja gavana, mzee wa Gécamines alisimama. Hakusema kitu. Alibaki amesimama mpaka yule mwanamke wa tatu alipomaliza, ndipo akakaa.

Mjumbe wa kamati aliyetaka jina liondolewe hakuja.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ya vyote ni kubadili lugha, na nadhani sababu yake si kwamba wazazi walielewa vizuri zaidi tu. Kiswahili cha kambi kilileta vitu ambavyo Kifaransa changu hakikuwa navyo: poso, kapita, kikombe. Hata ule msemo wa mjini kuhusu kampuni, "njo baba, njo mama", yaani ndiyo baba, ndiyo mama, uliingia wenyewe kinywani mwa mke wa mfanyakazi aliyemsihi mumewe asigome. Ukumbini walikuwamo watu walioachishwa kazi mwaka 2003, kampuni ilipowaondoa maelfu katika kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Msemo huo waliusikia kwa masikio mengine, na hilo sikulipanga.

Kuhusu risasi ya kwanza, kuna mwalimu mwenzangu anayeona kwamba tulikwepa. Anasema mashahidi watatu ni njia ya kumpendeza kila mtu. Nimelifikiria sana jambo hilo. Jibu langu ni kwamba hatukuacha shaka juu ya nani aliwajibika: gavana alikuwapo na askari walikuwa wa serikali yake, na mchezo ulionyesha hayo chini ya neno "Imeandikwa". Tuliloacha wazi ni mkono ulioshika bastola. Kama tungechagua, nkambo angekaa mstari wa mbele akiangalia kifo cha baba yake kikisimuliwa na mtu mwenye hakika ambayo mama yake hakuwa nayo. Hata hivyo mwenzangu ana hoja moja yenye nguvu: shahidi wa kwanza aliongea sekunde 20, mwanamke aliongea karibu dakika mbili, na uzito uliegemea upande wake. Mizani hiyo niliitengeneza bila kuitambua.

Maneno matatu ya msimulizi yalitoka jukwaani yakaingia uani. Watoto wa madarasa ya chini walikuwa wakiulizana kila mtu anapoleta habari: "Imeandikwa ao inasimuliwa?" Katika masomo ya historia naendelea kuyatumia.

Unga wa Ijumaa ungeweza kuepukwa kama tungeonyesha mchezo kwa darasa moja tu kabla, hata kwa watoto 30. Mazoezi yetu yote yalikuwa mbele yetu wenyewe, na sisi tulikwisha zoea uso ule mweupe, hatukuuona tena.

Kuhusu msichana wa bombani na mvulana aliyetukanwa, shule ilikuwa na habari zote zilizohitajika. Faili lilikuwa kabatini, na historia ya 1992 iko katika kila nyumba ya mtaa wetu. Nilitumia wiki tatu kuchunguza kilichotokea uwanjani mwaka 1941 na sikutumia hata saa moja kuuliza watoto waliokuwa mbele yangu wanabeba nini. Mtu akinifuata leo akitaka kuandaa mchezo wa namna hii, hapo ndipo ningemwambia aanzie, kabla ya kugawa sehemu za kuigiza.

Baada ya hapo

Masimulizi ya wazee tuliyaandika katika daftari moja, ambalo liko katika kabati la prefe. Yako 14. La nkambo ni la sita, katika Kiswahili chake mwenyewe, na aliomba jina la baba yake liandikwe juu kwa herufi kubwa. Mzee wa Gécamines alikuja Januari, akasoma la nkambo, akaomba lake liandikwe ukurasa unaofuata. Ameandika kwamba ni gavana.